Meza Kuu Haiwapi Wananchi Mgongo

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo, na yeyote aliyewahi kuishi humo atawathibitishia. Jina inalo, ila kwa sasa jina hilo liko mbele ya kamati, na mimi si mtu wa kuitangulia kamati. Naitwa Evaristo Lugome, karani wa masijala katika ofisi ya maji. Kazi yangu ni kupokea barua za wananchi wanaolalamika kwamba hawana maji, kisha kuzipanga kwa alfabeti. Nazipanga vizuri sana.

Rafiki yangu ni Kibwana Matimbwa, fundi redio wa mtaa wa pili. Mimi na yeye tumeipenda timu ya taifa, Nyegere, kwa miaka thelathini na moja, na kwa muda wote huo Nyegere hawajawahi kutuonea huruma. Mechi zote tumezitazama bega kwa bega juu ya mkeka mmoja aliousuka marehemu mama yake, mkeka unaotosha watu wawili wasionenepa. Mimi nimenenepa. Kibwana hajawahi kulisema hilo, anasogea tu.

Ana jambo lake moja. Penalti hatazami. Ujanani alitazama penalti tatu mfululizo, zote zikapaa, akajihukumu mwenyewe kwamba macho yake yana nuksi. Tangu hapo, mwamuzi akionyesha tu ile nukta, Kibwana anavua kofia yake ya kufuma, anajifunika uso mzima, anasubiri ipigwe, kisha anauliza, "Vipi?" Kazi yangu ni kumjibu. Nimeshamjibu penalti kumi na saba. Majibu mengi yalikuwa machungu, lakini hata siku moja sikumdanganya, na katika maisha yangu hilo ndilo jambo pekee ambalo naweza kulisema bila kukohoa.

Tulikuwa na ahadi kwamba siku Nyegere wakifika fainali, tutaitazama mkekani, wawili, kama kawaida yetu. Ilikuwa ahadi nyepesi kuitoa, maana hakuna aliyedhani watafika.

Wakafika. Fainali ya Kombe la Mito Mikuu, dhidi ya majirani zetu wa ng'ambo, itakayochezwa nchi ya mbali. Serikali yetu, ambayo haijawahi kushindwa kuingia mahali penye watu wengi, ikatangaza Tamasha la Bure la Mashabiki, Jumamosi na Jumapili, Uwanja wa Utii, penye skrini ndefu kuliko jengo la benki.

Msidhani bure ni kitu cha kujiingilia tu. Palikuwa na Bure ya Kawaida, ambayo unakaa nyasini. Bure Maalumu, ambayo unakaa nyasini chini ya turubai. Na Bure ya Heshima, ambayo ilikuwa inaombwa kwa fomu ya kurasa kumi na nne. Ukurasa wa tisa uliuliza: "Je, wewe ni mwananchi wa kawaida? Thibitisha." Kibwana alijaza fomu fupi ya nyasini kwa dakika mbili na akaniandikia na mimi. Nikamshukuru. Kisha nikaenda nyumbani nikajaza ile ndefu, kwa wino mweusi, na ukurasa wa tisa nikaongeza karatasi ya ziada.

Sikumwambia. Nilijiambia kwamba sina haja ya kumsumbua mtu kwa jambo ambalo huenda lisitokee. Wenzangu wa masijala wanajua maana ya maneno hayo, ndiyo tunayowaandikia wasio na maji.

Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi ya kushangilia. Tuliitwa nyasini watu elfu arobaini, tukakabidhiwa kwa ofisa mmoja mwembamba kutoka Wizara ya Furaha na Mikusanyiko. Akatueleza historia. Kumbe miaka ya nyuma, kwenye tamasha kama hili, wananchi walishangilia goli kabla ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi akaonekana anafuata mkumbo, na mtu mzima yule aliumia sana. Ndipo ikatungwa Kanuni ya Saba, isemayo kwamba furaha huanzia juu. Goli likiingia, wananchi watabaki na kilichoitwa uso wa kusubiri, mpaka mgeni rasmi atakapoinua mkono wa kulia. Hapo ndipo nderemo.

Tulifanya mazoezi ya uso wa kusubiri saa tatu nzima. Midomo imefungwa, nyusi hazipandi, macho mbele. Nitawaambia ukweli, tulifanya vizuri mara ya kwanza tu, tena bila kufundishwa. Ofisa alishangaa, akauliza tumejifunzia wapi. Hakuna aliyemjibu, tulikuwa bado na uso wa kusubiri.

Mwisho wa mazoezi vipaza sauti vikatangaza jina la Mwakilishi wa Wananchi wa Kawaida, aliyepatikana baada ya mchujo wa maombi elfu sita, ambaye atakaa meza kuu na mgeni rasmi. Evaristo Lugome. Alama tisini na nne. Walisema hawajawahi kupata mtu wa kawaida kiasi kile.

Nilijisikia vizuri kupita kiasi. Mtu anaweza kuishi miaka hamsini na mbili bila kuongoza chochote, halafu siku moja anaambiwa ameongoza kwa ukawaida. Nikageuka nimkumbatie Kibwana, nikamkuta anakunja mkeka.

"Si tulisema mkekani?" akaniuliza, taratibu tu.

Nikamweleza kwamba wito wa taifa haukataliwi. Barua niliyokabidhiwa ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Sitaweza kuhudhuria", na kalamu nilikuwa nayo mfukoni, lakini nikamweleza hivyo hivyo. Nikaongeza kwamba meza kuu ndiko kwenye kuona vizuri, na nitamsimulia kila kitu. Kibwana akasema sawa. Akasema nafasi yangu ataiacha hivyo hivyo, isije ikawa nimebadilisha mawazo.

Jumapili nilivaa suti ya harusi yangu. Ilikubali kufungwa kifungo kimoja. Nikapokelewa na dada wa itifaki aliyenibandika ua kifuani, akanipandisha jukwaani, akanionyesha kiti changu. Kilikuwa kimevishwa kitambaa cheupe chenye utepe wa dhahabu mgongoni, na mbele yake chupa ya maji na kipaza sauti kidogo chenye taa nyekundu. Maji! Mimi wa ofisi ya maji nilikaribia kulia. Nikaketi. Nikainua macho nitazame mpira.

Nikawaona watu elfu arobaini wananitazama mimi.

Jamani, nimehudhuria harusi, mahafali, uzinduzi wa vyoo, na katika shughuli zote hizo meza kuu inawatazama watu. Kwa nini sikulifikiria hilo, sijui mpaka leo. Skrini ilikuwa nyuma yetu. Nikamuuliza dada wa itifaki, kwa sauti ya chini, kama viti vitageuzwa mpira ukianza. Akanitazama kama niliyeomba avue viatu. Akaniambia Kanuni ya Nne iko wazi: meza kuu haiwapi wananchi mgongo. Hata shingo haigeuzwi. Mwaka juzi mkuu wa wilaya moja aligeuza shingo, na sasa wilaya hiyo haina mkuu.

Nikawatazama wenzangu wa meza kuu, wakubwa kumi na mmoja, wote wapenzi wakubwa wa mpira. Walikuwa wametulia. Mmoja, jemadari mstaafu, alininong'oneza kwamba huu ni wa ishirini na mbili kwake, na bado hajaona goli. Kuhusu jezi za Nyegere, aliambiwa ni za buluu.

Mstari wa pili nyasini nikamwona Kibwana. Amekalia nusu ya mkeka. Nusu ya pili ilikuwa tupu, juu yake ameweka chupa ya chai na vikombe viwili. Akanipungia. Nikataka kumpungia, nikakumbuka kwamba mikono ya meza kuu hukaa mezani.

Mpira ulianza saa tisa kamili. Itifaki nayo ikaanza saa tisa kamili. Sauti ya mtangazaji wa mpira ilizimwa, kwa sababu vipaza sauti vilikuwa vinahitajika, na mshereheshaji akaanza kutambua uwepo wa wageni mmoja mmoja, na vyeo vyao, na waliowatuma kuwawakilisha, na sababu za waliowatuma kutofika. Dakika ya ishirini na nane alifika kwangu. "Mwananchi wa kawaida kabisa!" alisema, nami nikasimama, nikainama, kifungo kikakatika.

Kisha akasimama mgeni rasmi mwenyewe, Waziri wa Furaha na Mikusanyiko, Mheshimiwa Balozi Dakta Nestori Kahemba, mtu mpana mwenye sauti ya kushindana na upepo.

"Ndugu wananchi," alisema, "Serikali yenu sikivu imetambua kwamba mnapenda mpira. Kutokana na utambuzi huo iliunda kikosi kazi, kichunguze kama kweli mnaupenda. Kikosi kazi kimethibitisha. Mnaupenda. Na mimi niko hapa kuwahakikishia kwamba mtaendelea kuupenda!"

Ilikuwa hapo hapo, kwenye kuwahakikishia, ndipo Nyegere walipofunga. Nilijuaje? Nyuso elfu arobaini zilikuwa hazisemi kitu, tulifanya mazoezi vizuri mno. Lakini Kibwana namjua. Goli la Nyegere likiingia, sikio lake la kushoto huwa linacheza, hata alale. Nikaliona linacheza. Goli la kwanza la fainali ya kwanza ya maisha yangu, nimeliona kwenye sikio la fundi redio.

Sasa utaratibu wa taarifa ulikuwa hivi. Chini ya jukwaa alikaa Mtazamaji Mkuu wa Serikali, ndiye pekee mwenye ruhusa rasmi ya kuona. Anaandika karatasi, anaipeleka kwa katibu, katibu anaigonga muhuri, anampa mpambe, mpambe anapanda ngazi na kumnong'oneza Waziri. Karatasi ya goli letu ilichukua dakika kumi na moja, kwa sababu katibu alitaka majina ya mfungaji yaandikwe yote matatu. Katika dakika ya tisa ya kuisubiri, majirani walisawazisha. Hilo nalo nililiona: Kibwana alimimina chai kwenye kikombe kilichojaa tayari.

Basi Waziri aliponong'onezwa, akainua mkono wa kulia, na wananchi elfu arobaini, huku mbele ya macho yao majirani wakionyeshwa kwa marudio wakipiga magoti na kushukuru, wakalipuka kwa nderemo, vigelegele na ngoma. Waziri akawapungia. Alisema baadaye hajawahi kuona uzalendo uliokomaa kama ule.

Kipindi cha pili nilikiishi kwenye uso wa Kibwana. Nilimtazama kuliko nilivyowahi kumtazama kwa miaka thelathini na moja, maana tukikaa bega kwa bega hatutazamani. Nikagundua ana mvi kwenye kope. Nikagundua kila Nyegere wakikaribia goli anageukia nusu tupu ya mkeka, anafungua mdomo kusema kitu, anakuta chupa ya chai. Alifanya hivyo mara tano. Mara ya sita hakugeuka tena, na mimi nikanywa maji ya Serikali nikajifanya nina kiu.

Dakika ya themanini na nane, Kibwana akavua kofia.

Sikuhitaji karatasi wala muhuri. Ni penalti, tena yetu, maana ikiwa ya majirani huwa anasimama kwanza akatukana. Akaishika kofia kwa mikono miwili, akanitazama mimi huko juu, muda mrefu kidogo, kisha akajifunika uso.

Kwa hiyo, ndugu zangu, fikirini hali yangu. Mtu pekee ambaye uso wake ungeniambia, amejifunika. Mtu pekee wa kumwambia yeye, ni mimi, na mimi nimeipa skrini mgongo. Waliobaki elfu arobaini wana uso wa kusubiri. Jemadari mstaafu alikuwa ananiuliza kama mapumziko yameshapita.

Nikageuka.

Nilisimama kabisa, nikalishika egemeo la kiti lenye utepe wa dhahabu, nikawapa wananchi mgongo, suti ikiwa wazi mbele na imepasuka nyuma. Nikasikia meza kuu nzima inavuta pumzi. Na hivi ndivyo nilivyoona: ukiwa hatua tatu kutoka kwenye skrini ndefu kuliko jengo la benki, huoni mpira. Unaona vitaa. Vitaa vya kijani, vikaja vya buluu, vikaja vyeupe vingi, vikarudi vya kijani. Huo ndio mkwaju wa penalti wa fainali, kwa mujibu wa shahidi aliyekuwa karibu kuliko wote.

Nikageuka tena mbele. Walinzi wawili walikuwa wameshaanza kupanda ngazi, upande wangu. Uwanja kimya. Na mstari wa pili nikaona kofia ya Kibwana inatikisika penye mdomo. Sikumsikia, ila najua alichouliza. Alikuwa anauliza, "Vipi?"

Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi, na masijala tunalitumia kutwa. Lakini nilikuwa na ua kifuani, na kiti kimevishwa, na alama tisini na nne, na nilikuwa nimeshamwacha peke yake kwa sababu huku ndiko kwenye kuona vizuri. Nikakiinamia kile kipaza sauti chenye taa nyekundu.

"Imeingia, Kibwana," nikasema, na uwanja mzima ukasikia.

Kofia ikashuka. Kibwana akanitazama. Akawatazama walinzi, walikuwa wamebakiza ngazi mbili. Kisha akaruka. Mtu wa miaka hamsini na minne, mwenye goti bovu, akaruka juu ya mkeka wa mama yake, vikombe vikaenda huku na chupa kule, akapiga kelele mpaka sauti ikamkatika. Alikuwa peke yake katika watu elfu arobaini. Waziri akamwona. Waziri akamtazama mpambe, mpambe hana karatasi. Na Waziri, akiogopa kutanguliwa na mwananchi kwa mara ya pili katika historia ya nchi, akainua mkono wa kulia.

Nderemo ya siku ile haijawahi kusikika. Walinzi wangu walisimama pale pale ngazini wakapiga makofi, ilikuwa ni wajibu. Jemadari akalia machozi, akisema hatimaye. Karatasi ya Mtazamaji Mkuu ilifika dakika saba baadaye, Waziri akaisoma, akaikunja mara nne, akaitia kwenye chupa yangu ya maji. Akaagiza skrini izimwe, wananchi wasichanganywe na mambo madogo madogo ya muda wa nyongeza.

Mgeni rasmi hawezi kuwa ameshangilia kitu ambacho hakikutokea. Hilo ndilo lililojadiliwa na Baraza usiku huo, na kwa hiyo tulishinda mbili kwa moja. Jumatatu ikawa mapumziko, Jumanne pia. Kombe lenyewe tumeambiwa liko kwenye mchakato wa kuwasili. Majirani wanalo moja linalofanana nalo. Na mimi, badala ya kushtakiwa kwa Kanuni ya Nne, nimepewa Nishani ya Jicho la Taifa, kwa kuwa wa kwanza kuona. Naivaa ofisini. Wananchi wasio na maji wananipigia saluti.

Kibwana hakuja kwangu Jumatatu. Jumanne mchana nikaivua nishani, nikaitia mfukoni, nikaenda kwenye kibanda chake. Alikuwa amefungua redio ya mtu, anaichokonoa kwa bisibisi. Nikakaa kwenye ndoo. Nikazungumza habari za joto, nikazungumza habari za bei ya betri, nikaishiwa.

"Kibwana," nikamwambia, "sikuiona ile penalti. Niliona vitaa tu. Nilikudanganya."

Hakuinua kichwa. Akakaza skrubu moja, akatafuta ya pili mezani.

"Najua," akasema. "Ilipaa. Niliiona."

Nikamwambia hawezi kuwa aliiona, alikuwa amejifunika kofia, nilimtazama mwenyewe. Akasema alijifunika, ndiyo, lakini kofia ya kufuma ina matundu, na miaka yote hiyo alikuwa anafumba na macho humo ndani. Siku ile akayafumbua. Alikaa anasubiri mtu amwambie, akahisi kushoto kwake patupu, akachungulia. Ndiyo maana ikapaa. Kisha akasikia naropoka kwenye kipaza sauti, akaona wale walinzi wananijia, akaona aruke tu.

Kibwana akairudisha redio ya watu kwenye kasha lake, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaiwasha. Walikuwa wanatangaza ushindi wetu kwa mara ya mia. Akaizima.

"Ungekuwa mkekani," akasema, "nisingechungulia."